Matoke ya Majani na Mchuzi wa Karanga: Kupika Chakula cha Kumsubiri Mtu

Matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba yana sifa moja ambayo wali na posho, yaani ugali, havina: yanaweza kumsubiri mlaji. Posho ikikaa saa moja hukauka na kufanya gamba, na wali ukiachwa juu ya moto hushika ukoko, lakini matoke yakiwa ndani ya majani, juu ya makaa yanayofifia, huzidi kulainika na kunukia kadiri muda unavyopita. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Uganda ya kati na ya kusini-magharibi chakula hiki hupikwa kwa ajili ya mtu ambaye saa ya kufika kwake haijulikani: mtoto anayerudi likizo kutoka shule ya bweni, shangazi aliye njiani kwa basi kutoka Mbarara, au mgonjwa aliyeambiwa kwamba ataruhusiwa leo daktari akishapita wodini. Mwenzake wa siku zote ni mchuzi wa karanga, ambao hata sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani tumezoea kuuita binyebwa.

Maelekezo haya ni ya watu 6, au 4 pamoja na fungu la kutuma kwa jirani. Nimeyawekea vipimo kwa makusudi, kwa sababu mapishi ya kurithi yana udhaifu wake: bibi husema "karanga za kutosha" na "maji kiasi", na mjukuu aliyeko Dubai akipiga simu hubaki ameshika mwiko asijue kiasi hicho ni kiasi gani. Kipimo changu ni kikombe cha Tumpeco, ambacho hakikosekani katika majiko mengi ya Uganda na ambacho huchukua takriban nusu lita. Asiye nacho atumie chombo chochote cha nusu lita.

Karanga kwanza

Karanga hushughulikiwa mapema kuliko ndizi, kwa kuwa kazi yake kubwa haiko motoni bali kwenye ungo. Nunua karanga nzima, zile ndogo za ngozi nyekundu, badala ya unga uliokwisha kusagwa. Masokoni kuna mashine za kusaga, kwa hiyo hakuna haja ya kununua unga ambao hauonyeshi ni kitu gani kiliingia kinuni. Zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga mzuri na uzichambue kwa subira: toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka na kuonyesha weusi ndani, na hasa zile zenye ungaunga wa kijani au wa manjano. Kuvu wanaoota kwenye karanga ambazo hazikukaushwa vizuri, au zilizohifadhiwa penye unyevu, huacha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa, na ambayo mtu akiila kwa miaka mingi inaweza kumletea saratani ya ini. Wengi huwatupia kuku zile walizozichambua. Ningeshauri desturi hiyo iachwe, kwa kuwa kuku nao hudhurika kwa sumu hiyohiyo. Zifukie shimoni. Kisha tafuna punje chache kutoka pande mbalimbali za ungo, na ukikuta uchungu, rudia kuchambua.

Karanga za mchuzi huu hazikaangwi. Zianike juani kwa saa chache mpaka ngozi ziwe kavu kabisa, halafu uzitwange au uzipeleke mashineni zikiwa na ngozi zake, kwa sababu ngozi ndizo zinazoupa mchuzi ile rangi yake inayoelekea zambarau. Unga ukishikana unapoufinya kwa vidole, umesagika vya kutosha.

Weka unga Tumpeco moja na nusu kwenye sufuria ambayo bado haijabandikwa motoni, umimine maji ya baridi kidogo kidogo huku ukivuruga kwa mwiko mpaka madonge yaishe, kisha uongeze maji hadi yafike Tumpeco tatu na nusu kwa jumla. Hapo ndipo ubandike. Kumimina unga kwenye maji yanayochemka ndiko kunakozaa mchuzi wa mabongemabonge, na bonge la karanga likishaiva nje huku ndani likiwa bichi, hakuna mwiko utakaolivunja. Tia kitunguu kimoja kikubwa na nyanya 4 zilizoiva, vyote vikiwa vimekatwa vidogo. Mafuta hayahitajiki hata tone, kwa kuwa karanga zina mafuta yake zenyewe. Anayeanza kwa kukaanga vitunguu anapika mchuzi mwingine, mtamu pengine, lakini mzito kwa tumbo la mgonjwa.

Koroga bila kuacha mpaka uchemke. Dakika za kwanza za kuchemka ni za kusimama hapohapo jikoni, kwa sababu povu hupanda ghafla kama la maziwa na kuzima makaa, kwa hiyo usifunike sufuria wala usijibu simu. Povu likishatulia, punguza moto kwa kutoa makaa machache kwenye sigiri, yaani jiko la makaa, au kwa kuyafunika majivu, na uache mchuzi utokote polepole kwa dakika 40 hivi, ukiukoroga hadi chini kila baada ya muda ili usishike. Mchuzi mbichi una rangi ya waridi iliyopauka na harufu ya ubichi ambayo pua huitambua mara moja. Unapoelekea kuiva, rangi hukolea, viputo huwa vizito na kupasuka kwa sauti ndogo, na matone ya mafuta huanza kujitokeza pembezoni. Hayo mafuta ndiyo saa yako: yakionekana upande mmoja tu, bado, yakiuzunguka mchuzi wote, umeiva. Kabla ya hapo hata ukiwa mzito vipi utakuwa na ladha ya ubichi ambayo chumvi haiwezi kuificha, na hapa ndipo wapishi wengi wenye haraka hupotea, kwa kuwa mchuzi wa karanga huwa mzito mapema sana kuliko unavyoiva. Ukizidi uzito kabla ya wakati, ongeza maji ya moto, si ya baridi.

Anayetaka samaki wa moshi achague kipande kimoja kikubwa cha sato au sangara, akimwagie maji ya moto, akiache dakika 10, kisha aondoe magamba na miiba na kusuuza mchanga. Samaki huingia katika dakika 15 za mwisho, na chumvi huja baada yake, kwa sababu samaki wengine huwa tayari wametiwa chumvi walikokaushiwa.

Ndizi, majani na sigiri

Kwa watu 6 nunua matoke kilo 4. Yakishamenywa yatabaki kilo 2 na nusu au zaidi kidogo. Angalia vidole vya ndizi: vikiwa vimejaa na kona zake zimelainika, ndizi imekomaa, vikiwa na kona kali, ilikatwa mapema na itakuwa ngumu hata ukiipika siku nzima. Ngozi iwe ya kijani kote, kwa sababu iliyoanza kupiga manjano itatoa chakula kitamu cha sukari na cha kunata. Muuzaji akikuuliza aina unayoitaka, Mbwazirume, Kibuzi na Nakitembe zote zinafaa. Gonja na bogoya ni ndizi za kazi nyingine.

Utomvu wa ndizi mbichi ukigusa nguo hautoki, kwa hiyo vaa nguo kuukuu na ujipake mafuta kidogo viganjani. Kata ncha zote mbili, pasua ganda kwa urefu, limenye kwa kisu kidogo, na kila ndizi inapotoka mkononi iingie kwenye beseni la maji baridi ili isibadilike rangi. Maganda ni ya mbuzi.

Majani yanayofaa ni mapana, machanga kiasi na yasiyochanwa na upepo. Kwa fungu moja la ukubwa huu utahitaji makubwa 4, na mengine mawili ya kufunikia. Kata uti wa kati wa kila jani, lakini usiutupe: ukatekate vipande vya urefu wa sufuria na uvipange chini kwa kupishana, tabaka mbili au tatu, viwe kichanja cha kukalia fungu la ndizi ili lisiguse maji. Kisha pitisha majani juu ya makaa, upande mmoja baada ya mwingine, bila kuyasimamisha mahali pamoja. Utaona rangi ikigeuka kutoka kijani kilichopauka kuwa kijani cha kung'aa, na jani ambalo lilikuwa likikatika ukilikunja sasa linakubali kukunjwa bila kulalamika. Jani lisilopitishwa motoni litapasuka wakati wa kufunga, na mvuke wote utatokea kwenye ufa huo.

Tandaza majani kwa kupishana ndani ya beseni tupu, panga ndizi zilizochujwa maji katikati, kunja majani kuelekea juu pande zote, na ufunge kwa kamba ya mgomba iliyolowekwa. Weka fungu juu ya kichanja, mimina maji yasiyozidi kimo cha kichanja hicho, ambayo kwa sufuria ya kawaida ni kama Tumpeco 3, funika kwa majani yaliyobaki ukiyachomeka pembeni vizuri, na uwashe moto wa nguvu. Siku hizi wapo wanaofunika kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, badala ya majani ili mvuke usitoroke. Naelewa kwamba majani mjini yananunuliwa kwa pesa, lakini plastiki iliyopashwa moto juu ya chakula hutoa kemikali zake ndani ya chakula hichohicho, na kifuniko kizito cha sufuria kilichowekewa jiwe juu hufanya kazi ileile bila madhara hayo.

Matoke yatahitaji saa 1 hadi saa 1 na nusu. Usifunue kila mara kuchungulia maji, sikiliza. Maji yanapokuwepo, sufuria hutoa mngurumo wa kuchemka, na yanapokaribia kuisha, sauti hiyo hugeuka kuwa mchirizo mkavu na harufu ya majani yanayoungua huanza kutoka. Wakati huo inua pembe moja ya majani na uongeze maji ya moto kwa kuyapitisha ukingoni mwa sufuria, yasimwagike juu ya fungu.

Ukibonyeza fungu kwa kidole na ndizi zikakubali bila ubishi, toa fungu zima, liweke kwenye beseni, na ulikande likiwa bado limefungwa. Tumia kitambaa safi kizito au majani mabichi kukinga viganja, na ukandamize kwa uzito wa mwili kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka usisikie tena kidonge chochote chini ya mkono. Kazi hii hufanywa ndizi zikiwa za moto sana. Zikipoa hata kidogo hukazana, na vidonge vitakavyobaki vitabaki mpaka mezani.

Baada ya kukanda, rudisha fungu juu ya kichanja, hakikisha maji yapo, funika tena, na upunguze moto uwe wa makaa machache tu. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa zaidi, hasa mjini ambako makaa ni ghali, na ndiyo inayotofautisha matoke ya kushibisha na matoke ya kufariji. Nusu saa ndiyo kima cha chini. Saa 2 ni bora zaidi, na hata saa 3 hazina ubaya maadamu maji hayakauki. Ndani ya muda huo chakula hupata rangi ya manjano iliyokolea, hulainika kiasi cha kukatika kwa kijiko, na kushika harufu ya jani. Huo ndio muda wa mgeni kufika, na akichelewa, wewe huna hasara.

Kwa aliye nje ya nchi, majani ya mgomba yaliyogandishwa hupatikana katika maduka mengi yanayouza vyakula vya Asia, na yakishayeyuka hayahitaji sana kupitishwa motoni. Asiyeyapata kabisa achemshe ndizi kwa maji machache ndani ya sufuria nzito, azikande humohumo, azifunike na kuziacha kwenye moto mdogo. Harufu ya jani ataikosa, ila ulaini ataupata.

Ukitaka kuutuma mbali

Mchuzi ulio katika bakuli humwagika njiani, na kwa safari dawa yake ni luwombo: mchuzi unaoivishwa ndani ya jani, kila mlaji na kifurushi chake. Simulizi za Buganda husema pishi hili lilianzia jikoni kwa Kabaka (mfalme) Mwanga mwaka 1887, na mpaka leo ndilo linalowekwa mbele ya mkwe.

Jani la luwombo halitolewi uti. Lilaze kifudifudi, upunguze unene wa uti kwa kisu kikali mpaka ulingane na jani, kisha ulipitishe motoni. Ukiutoa uti wote, jani litavuja. Kwa kuwa ndani ya jani hakuna maji yanayopotea kwa mvuke, uwiano hubadilika: kwa unga Tumpeco moja tumia maji Tumpeco moja na nusu, pamoja na nyanya, kitunguu na chumvi. Vuruga vizuri, laza jani juu ya bakuli ili lifanye shimo, mimina mchanganyiko, ongeza uyoga uliosuuzwa au kipande cha kuku kilichobabuliwa juu ya makaa, kusanya kingo za jani juu na uzifunge kwa nguvu, halafu uvishe jani la pili. Vifurushi husimama wima ndani ya sufuria yenye kichanja, au juu ya fungu la matoke kama nafasi inatosha, kwa saa 2 za mvuke wa mfululizo. Usivifungue kuonja, maana havifungiki tena vizuri.

Kikapu kilichotandikwa majani, matoke chini, luwombo juu, na kitambaa kizito cha kufunikia, hufika kikiwa cha moto hata kikipanda bodaboda mpaka ng'ambo ya mji.

Kabla ya kutuma, uliza. Karanga ni miongoni mwa vyakula ambavyo kwa wenye mzio vinaweza kuua, na swali hilo ndilo la kwanza hata kwa nyumba unayoijua. La pili ni la ukoo: katika Buganda mtu hali mnyama au mmea ambao ni mwiko kwa ukoo wake, kwa hiyo luwombo ya uyoga haipelekwi kwa mtu wa ukoo wa Butiko, wala mchuzi wa kamongo kwa mtu wa Mmamba. Wasabato wengi hawali kambare wala samaki mwingine asiye na magamba, na Waislamu watataka kujua kuku alichinjwa na nani. Hakuna anayeudhika kwa kuulizwa mambo haya, ilhali kifurushi kinachorudi bila kufunguliwa huleta mengi ya kueleza.

Ukiwa na wifi au shemeji kutoka Gulu au Lira, huenda akakuonyesha njia nyingine kabisa. Huko karanga hukaangwa na kusagwa pamoja na ufuta mpaka ziwe uji mzito unaoitwa odii, na kwa kuwa zimeiva tayari, odii huingia mwishoni kabisa, kwenye mboga ya majani kama boo au malakwang yenye uchachu, kwa dakika chache tu. Usichanganye njia hizi mbili: unga wa karanga mbichi ukipikwa dakika 10 kwa mtindo wa odii ni mbichi. Malakwang hupendeza zaidi kwa viazi vitamu kuliko kwa matoke, na katika hilo nakubaliana na watu wa kaskazini.

Kilichobaki

Mchuzi wa karanga huchacha upesi ukifunikwa ukiwa wa moto. Ukiona hautaliwa ndani ya saa 2 tangu ulipoanza kupoa, uweke kwenye friji katika chombo kipana. Asiye na friji apike wa mlo mmoja. Kesho yake utakuwa umeganda. Ongeza maji ya moto nusu Tumpeco, uvuruge, na uuchemshe kabisa mpaka viputo vitokee katikati, si pembeni tu.

Matoke yaliyobaki yafungwe upya kwenye jani na kurudishwa juu ya mvuke kwa dakika 30. Ndizi ambazo hazikumenywa ni za katogo ya asubuhi: menya 12 au zaidi, zipange nzima kwenye sufuria, weka juu yake kitunguu, nyanya na Tumpeco moja ya unga wa karanga uliovurugwa kwa maji Tumpeco 2, ongeza maji hadi zifunikwe, zikishachemka punguza moto, na uziache dakika 45 bila kukoroga, ukitikisa tu sufuria kwa masikio yake ili ndizi zisivunjike.